Sufuria ya Mama na Leza ya Gerejini

Jumatatu, 2 Oktoba

Leo nimepata wazo. Kubwa kiasi kwamba nimelazimika kukaa chini, juu ya ndoo, hapa gerejini.

Mwizi wa sufuria ya Mama anakaribia kujulikana.

Sufuria ile ilipotea siku ya mazishi ya Mama, miaka minane iliyopita, kwenye jiko la chini la kanisa letu hapa Torvik, mji wetu mdogo. Sufuria kubwa ya kuokea, chuma cha pua, nzito, upande mmoja imebonyea mahali nilipoiangusha kwenye ngazi nikiwa mtoto. Watu walikula, wakalia, wakanipa pole, wakaondoka. Sufuria nayo ikaondoka. Niliuliza sana. Wakaniambia vyombo vya kanisani ndivyo vilivyo, Delmar, leo chako kesho cha mwenzako. Sikuridhika. Mama yangu, Inga Haugstad, alioka nyama ndani ya sufuria ile kila Jumapili tangu napata akili.

Mshukiwa mkuu: Bi Ardis Kvamme, msimamizi wa jiko la kanisa. Ana funguo za makabati yote. Mtu mwenye funguo zote ana jambo.

Basi wazo ni hili. Kabla ya karamu ya mavuno nitajitolea kuandika majina kwenye vyombo vya washirika wote, bure, kwa mashine yangu mpya ya leza, ile inayochoma maandishi kwa mwanga. Vyombo vya mji mzima vitapita gerejini kwangu. Sufuria ya Mama itakuja yenyewe. Asiyeileta ndiye mwizi. Akiileta, ndiye mwizi vilevile.

Sioni pa kushindwa.

Lorna, mke wangu, anaamini nilinunua leza ili niwachongee wajukuu zawadi za Krismasi. Nimemwacha na imani yake.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimekwenda kanisani kumwona Bi Ardis. Nimemkuta anahesabu mapipa ya samaki wa magadi, yule anayelowekwa mpaka anakuwa kama jeli, maana karamu bila samaki wa magadi hapa kwetu si karamu, ingawa sijawahi kukutana na mtu anayempenda yule samaki. Nikamweleza huduma yangu. Akasema ni jambo jema. Yeye kila mwaka huandika majina kwa kalamu kwenye selotepu na kuibandika chini ya kila chombo. Selotepu inashika vizuri tu, alisema, ila magoti yake hayataki tena habari ya kuinama.

Akaniuliza kama mashine yangu kweli inaandika kwenye chuma. Nikamwambia, bila shaka. Sijawahi kujaribu.

Halafu akaniangalia kwa muda, kama mtu anayetaka kusema neno, akalimeza. Hilo nalichukua kuwa ushahidi.

Kutoka hapo nikapitia kahawa kwenye kituo cha mafuta. Gaylen alikuwepo. Gaylen Brekke ni kaka yake Lorna, kwa hiyo ni shemeji yangu na sina la kufanya. Alistaafu kuuza matrekta, lakini ukimsikiliza utadhani amestaafu kuongoza nchi. Naye ana leza. Ya aina nyingine, inayochoma chuma kikavu kikavu. Ya kwangu, aliieleza meza nzima, ni ya mbao na ngozi. Ukitaka iandike kwenye chuma lazima kwanza ukipulizie dawa.

"Shemeji," akasema, "kwako chuma hakiandikiki mpaka kipakwe losheni, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa."

Watu wakacheka. Hata Mchungaji Thea aliweka kikombe chini ili acheke vizuri.

Gaylen akajitolea kuifanya kazi yote kwake, siku moja tu. Nikakataa. Nikamwambia mtu hakodishi utumishi wake kwa Mungu. Akaniuliza tangu lini ninao.

Jumatano, 4 Oktoba

Jaribio la kwanza. Nimechukua kikaango cha Lorna, nikavaa miwani ya kijani, nikawasha mashine. Mwanga wa buluu, sauti kama mbu mwenye hasira. Nikazima, nikatazama. Hakuna kitu. Chuma cheupe kama kilivyotoka dukani. Nikarudia. Nikarudia tena. Mwanga unateleza juu ya chuma kama maji juu ya bata.

Kumbe Gaylen alisema kweli. Sitamwambia mtu.

Nimeitafuta dawa yenyewe ya kupuliza kwenye kompyuta. Bei yake imenirudisha kwenye ndoo. Lakini mtandaoni kuna watu wenye akili kama mimi, nao wanasema dawa kavu ya kulainishia minyororo inafanya kazi ileile. Ina unga mweusi ndani yake. Mwanga ukiupiga, unga unaungua na kushikana na chuma, na usioungua unaoshwa. Ninalo kopo la dawa hiyo rafuni, tangu enzi za pikipiki.

Maelekezo: safisha chuma kwa spiriti, tikisa kopo sana, puliza tabaka jembamba, subiri likauke, choma polepole. Nimetikisa kiasi. Nilikuwa na haraka.

Nikaandika LORNA. Nikaosha. Jina limetokea! Jeusi, linang'aa, limekaa kama kikaango kimezaliwa nalo. Kasoro ndogo tu, kompyuta iliyageuza maandishi. Lorna akaja, akasoma, akaniuliza Anrol ni nani.

Nikamwambia ni majaribio. Akaniambia kile ni kikaango alichopewa na shangazi yake siku ya harusi yetu. Pia nguo zote alizoanua leo zinanuka mnyororo. Amenuna.

Huko mtandaoni wanasisitiza kwamba uoshe jaribio lako mara nyingi kabla ya kuliamini. Nimelifuta kwa kitambaa, halikutoka. Imetosha. Karamu iko karibu na mimi si mtu wa wasiwasi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Vyombo vimekuja. Magari yamepanga foleni mpaka kwenye sanduku la barua la jirani. Trei, masufuria, mabakuli, sinia la bata mzinga. Kila kimoja kina kipande cha selotepu chini, na jina kwa mwandiko wa Bi Ardis, duara duara kama wa mwalimu wa chekechea.

Nimezibandua selotepu zote, maana dawa haishiki juu ya gundi. Nikasugua kwa spiriti, nikazitupa selotepu kwenye jiko la kuni, zikaungua. Vyombo nimevipanga sakafuni na kukariri cha nani ni kipi. Nina kichwa kizuri.

Nimekagua kimoja kimoja. Ya Mama haimo.

Vyombo vingi ni vya alumini. Mtandaoni wanasema dawa ya minyororo haikai kwenye alumini. Hayo nayachukua kuwa maoni.

Kopo limeisha kabla sijafika nusu. Nimekimbilia duka la vifaa, nikakuta rafu tupu. Mwenye duka akasema Gaylen alipita asubuhi, akachukua makopo yote. Nikamfuata Gaylen. Akaniambia, bila hata kupepesa, kwamba minyororo yake imekauka.

Namjua Gaylen miaka arobaini. Hana hata mnyororo wa mbwa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Haradali.

Sikuibuni mimi. Iko mtandaoni, na mtu aliyeiandika ameweka na picha. Unapaka haradali kwenye chuma, inakauka, unachoma, unaosha, jina linabaki. Nimeikoroga kwa maji na kuitia kwenye chupa ambayo Lorna hupulizia nguo akipiga pasi. Ikapuliza vizuri sana. Gereji nzima imejaa trei za njano zinazokauka.

Nilipoanza kuchoma, harufu ikawa ya uwanja wa besiboli siku ya fainali, kila mtu na soseji yake ya haradali. Jirani akaja na kuuliza soseji zitaiva saa ngapi. Nikamwambia hakuna soseji. Hakuamini, akakaa kidogo.

Majina yametoka ya kahawia, mazuri. Kila kitu kimekwisha. Washirika wote wameleta vyombo isipokuwa mtu mmoja. Bi Ardis Kvamme hajaleta hata kijiko.

Lorna ametafuta chupa yake ya pasi. Mashati yangu mawili ya kanisani sasa yana madoa ya njano kifuani. Hatuongei.

Jumapili, 8 Oktoba

Siku ya heshima. Mchungaji Thea amenisimamisha mbele ya kanisa zima. Akasema wako watu wanaotumika bila kutegemea kurudishiwa chochote. Watu wakapiga makofi. Nikainamisha macho, kama inavyopasa. Pia nilikuwa naficha doa.

Gaylen alipiga makofi polepole, mtu akimsikia atasema anaua nzi.

Baada ya ibada Bi Ardis akanishika mkono pale mlangoni. Akasema naye anayo sufuria moja ya nyumbani kwao, alikuwa anasitasita, lakini ameamua. Ataileta kesho.

Nilimjibu kwa sauti ya kawaida. Nadhani ilikuwa ya kawaida. Lorna amesema ilikuwa kama ya kuku aliyekanyagwa.

Jumatatu, 9 Oktoba

Ni yenyewe.

Amekuja nayo imefungwa kwenye taulo. Akaifungua juu ya meza yangu, na mimi nikaishika ukingo, na kidole gumba changu kikaingia kwenye ule mbonyeo kama kilivyokuwa kikiingia zamani. Nilikuwa na miaka sita nilipoiangusha. Nilikuwa nimeibeba kuonesha kwamba naweza.

Nikasema ni sufuria nzuri. Bi Ardis akasema ilikuwa ya mama yake. Mbele yangu, macho makavu. Anataka jina KVAMME liandikwe, dogo, chini, mahali pasipoonekana. Kumbe hata wizi una haya zake.

Nikampa kahawa. Nikamtilia sukari vijiko sita, mpaka akaniuliza kama presha imepanda.

Ningeweza kumwambia palepale. Lakini ningekuwa mimi na yeye tu, na kesho yake angekuwa na maneno yake na mimi yangu. La. Karamu ni Jumamosi, na mji mzima utakuwepo. Sufuria itasema yenyewe.

Kwa sufuria hiyo moja haradali haitoshi. Kesho naenda mji mkubwa, Fargo, kununua dawa halisi. Bei si kitu tena.

Jumanne, 10 Oktoba

Leo nimefuata maelekezo yote. Mwenyewe nimejishangaa. Nimesafisha kwa spiriti mara kadhaa. Nimetikisa kopo mpaka bega likauma. Nimepuliza tabaka jembamba kama pumzi kwenye kioo, nikasubiri likauke, nikachoma polepole, mashine ikitambaa kama konokono.

Sikuandika chini. Nimeandika ubavuni, upande unaowatazama wageni, kwa herufi kubwa: INGA HAUGSTAD. Suke la ngano kila upande.

Nikaosha, nikajaribu kulifuta. Waya wa kusugulia masufuria: wapi. Siki: wapi. Bisibisi: bisibisi ndiyo imechubuka.

Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono yangu. Nilikaa nayo kwa muda. Nikamwona Mama siku za Jumapili akiinua foili kwa ncha za vidole, mvuke ukimpanda usoni, miwani ikiingia ukungu, naye akitabasamu bila kutuona. Tukitoka hapo tulikuwa tunakula kimya, watu wazima na watoto, maana hakukuwa na la kusema. Ilikuwa nyama tamu.

Nimeipeleka kanisani ndani ya taulo la Bi Ardis na kuiweka kabatini, jina likitazama ukutani.

Alhamisi, 12 Oktoba

Kumetokea tatizo dogo.

Bi Ardis amepiga simu. Amepitisha vyombo vyote kwenye ile mashine kubwa ya kanisa ya kuoshea vyombo, ile ya mvuke, kujiandaa kwa Jumamosi. Vya alumini vimetoka vyeupe, havina hata nukta. Vya haradali vimetoka vyeupe, na maji yamenuka soseji. Vya dawa ya minyororo vimebaki nusu. Akina Halverson wamebaki HAL. Akina Tollefson wamebaki na herufi ya O.

Ya kwake hakuiosha, alisema, maana niliileta safi ndani ya taulo na hakutaka kuifungua mpaka siku yenyewe. Nikamsifu kwa uamuzi huo.

Akaniuliza, kwa upole sana, selotepu zake nimeziweka wapi. Nikamwambia zimeungua.  Akauliza kama walau nakumbuka cha nani ni kipi. Nikamwambia nina kichwa kizuri. Lorna, aliyekuwa anasikiliza kwa mbali, akasema anakijua hicho kichwa.

Kahawa ya mchana nimeinywa nimesimama, kwa sababu Gaylen alishafika. Alikuwa anawaeleza watu kwamba shemeji yake ameanzisha huduma ya kufuta majina, na kama kuna mtu anayedaiwa na benki, aende akamwone.

Acha wacheke. Moja imebaki, na hiyo moja ndiyo niliyoitaka.

Jumapili, 15 Oktoba

Naandika asubuhi. Lorna amekwenda kanisani peke yake. Amesema nipumzike. Hakulisema kama neno la huruma.

Jana nilivaa koti. Nilimwambia Lorna naye avae vizuri, akaniuliza kuna nini, nikamwambia ataona. Tukakaa meza ya mbele. Ukumbi ulijaa. Samaki wa magadi walikuwa wanatetemeka kwenye sinia zao, siagi iliyoyeyushwa ilikuwepo, mikate ya viazi, myembamba kama chapati, ilikuwepo. Mfukoni nilikuwa na maneno machache niliyoyaandaa kuhusu amri ya kutoiba.

Bi Ardis akatoka jikoni ameibeba. Imejaa madonge ya nyama kwenye mchuzi mzito. Jina liliwatazama watu, yeye alikuwa upande wa pili, haoni. Akaiweka katikati ya meza kuu. INGA HAUGSTAD, na masuke yake, chini ya taa. Nakiri lilipendeza.

Watu wakaanza kulisoma. Ukumbi ukapungua sauti, meza hadi meza. Lorna akalisoma, akageuka, akanitazama. Nikasimama. Nikasafisha koo.

Hapo ndipo Bibi Hjordis alipozungumza. Bibi Hjordis ndiye mkubwa kuliko wote kanisani, na hasikii vizuri, kwa hiyo akinong'ona anasikika mpaka barabarani.

"Hee," akasema, "si ile sufuria ya akina Kvamme? Inga aliirudisha lini?"

 Nilikuwa bado nimesimama. Kuna mtu alidondosha uma.

Bi Ardis akaizunguka meza taratibu, akasoma. Uso haukubadilika. Akageuka na kurudi jikoni. Nikamfuata, nikiwa na hakika kwamba Bibi Hjordis ni mzee na wazee huchanganya mambo.

Jikoni Bi Ardis aliinama, pamoja na magoti yake, akatoa kwenye kabati la chini kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kifuniko. Chuma cha pua, kizito, kipini kilekile. Sikuhitaji kukijaribu, ila yeye alitaka nikijaribu. Tukaileta sufuria, madonge yakiwa ndani. Kikakaa. Kililia mara moja, kikatulia, kama mlango wa nyumba ya mtu.

Maisha yangu yote Mama aliifunika kwa foili. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Aliiazima kwa ajili ya ubatizo wako," Bi Ardis akasema. "Kifuniko akakisahau mezani kwetu. Nilikuwa msichana mdogo, nilikimbia nacho mpaka njiani, gari lilikuwa limeshaondoka. Mama akasema, atakifuata."

"Na hakukifuata."

"Hakukifuata."

Nikamuuliza mbona hawakuidai.

"Mama aliona haya. Mwaka ukapita, mingine ikapita, ikawa aibu kubwa kuliko ile ya mwanzo. Wewe ungeanzaje?"

Mimi, nilifikiri, ningenunua leza. Sikusema.

Nikasema, siku ya mazishi.

"Siku ya mazishi niliiosha, nikaikausha, nikaona imerudi mikononi mwangu. Ulikuwa umesimama pale kwenye makoti unalia. Ungetaka nikwambieje, mdogo wangu? Mkono huu nakupa pole, mkono huu nakuonesha sufuria?"

Nilitazama sakafu. Ni sakafu safi, Bi Ardis anaitunza. Alikuwa amenyamaza miaka minane ili watu wasimseme mama yangu. Na mimi nimekwenda mpaka Fargo ili wamseme.

Nikamwambia nitalifuta. Nikachukua waya, nikasugua mpaka jasho likanitoka kwenye koti. Wapi. Akaitwa Gaylen. Nilitegemea vijembe. Akainama, akapitisha kidole juu ya herufi, akayatazama yale masuke kwa muda. Akasema haliwezi kutoka bila kuila sufuria yenyewe. Kisha akasema ni kazi nzuri, shemeji.

Katika jioni yote hiyo, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Bi Ardis akasema niache kusugua.

"Mwache Inga abaki hapo. Aliipikia kuliko sisi." Akanivika aproni, akanifunga kamba nyuma kama mtoto. "Ila wewe unaosha vyombo."

Nimeosha vyombo vya mji mzima. Ya kwao niliiosha ya mwisho, kwa mkono, taratibu. Kidole changu kikaingia tena kwenye ule mbonyeo. Ule angalau ulikuwa wangu.

Halafu watu wakaja kuchukua vyombo vyao, na hakuna aliyekijua chake. Trei zinafanana kama mayai. Nikawagawia kwa kichwa. Mwanzoni ilikwenda vizuri.

Jumanne, 17 Oktoba

Natembea nyumba kwa nyumba, buti la gari limejaa trei. Akina Halverson wana sinia la akina Ofstedal. Akina Ofstedal wana mabakuli ya Mchungaji Thea. Mchungaji Thea ana kitu ambacho hakuna anayekidai, na anaomba kitolewe nyumbani kwake. Wanawake wawili ambao wameketi benchi moja tangu kipaimara hawasalimiani, kwa sababu ya trei ya alumini.

Watu wananipokelea mlangoni. Wanachukua, wanatazama chini ya chombo, wananitazama mimi, wanafunga. Hakuna anayenikaribisha kahawa. Katika mji huu hata mtoza kodi hukaribishwa kahawa.

Gaylen ametangaza kwamba ataandika majina ya wote kwa mashine yake, bure. Jumapili alipigiwa makofi. Lorna anasema yalikuwa marefu kuliko yangu. Sikumuuliza.

Nimepita kwa Bi Ardis. Yeye alinikaribisha. Nyama ilikuwa tanurini, ndani ya sufuria ile, kifuniko juu. Jina la Mama lilinitazama kupitia kioo cha tanuri. Tukala bila kusema sana. Ilikuwa tamu vilevile. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kusema chumvi imekaa vizuri. Akasema ameelewa.

Alhamisi, 19 Oktoba

Lorna ameanza kuongea nami vizuri. Leo asubuhi, kwa upole, ameniuliza nimejifunza nini katika mambo haya yote. Nikafikiri kwa dhati. Nikamjibu: kopo lazima litikiswe sana, tabaka liwe jembamba, na mashine iende polepole. Akaenda kuanika nguo.

Lakini kuna jambo jingine ambalo sikumwambia.

Jana niliporudisha trei ya akina Tollefson, mlango ulibaki wazi kidogo, nikaona ndani. Ukutani, karibu na jiko, umening'inia mti wa kusukumia mikate ya viazi. Ule wenye mistari. Mama alikuwa na wa namna ileile, na sijauona tangu alipofariki. Nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, wameupata wapi. Wakasema ni wa bibi yao.

Bi Ardis naye alisema sufuria ni ya mama yake.

Ukiwa mlangoni huwezi kukagua kitu. Lazima uingie jikoni, na uingie kwa heshima, na uwe na sababu ya kutazama huku na huku. Sasa baridi inakuja, watu wanawasha majiko na kuogopa moto. Mchana huu nimekwenda kwa Mchungaji Thea na kujitolea kupima vile ving'ora vya darini vinavyolia vikinusa moshi, nyumba za washirika wote, bure.  Akasema ataomba kwanza.

Hiyo ni ndiyo.

Kuhusu ving'ora vya moshi sijui lolote. Nimeshaagiza ngazi.